Blanchard wa Inspekta Karanga

Blanchard hajawahi kuua hata kuku wa Noeli. Kazi hiyo ilikuwa ya marehemu mkewe, Emerance, na yeye siku hiyo alijifanya ana shughuli kwa jirani mpaka harufu ya mchuzi imrudishe nyumbani. Lakini uliza mtaa mzima wa Nyakasanza Blanchard ni nani, watakuambia: muuaji. Kisha watacheka, maana watu wa Bunia wakishacheka hudhani hawajamkosea mtu.

Alikuwa fundi wa kufuli, tena hodari. Kufuli iliyokwama aliitegea sikio, akaitekenya kwa waya, ikaachia. Enzi hizo, kazi ikiisha, alikwenda kwenye salle ya video, ukumbi wa Félicien wa kuonyeshea filamu, kutazama Inspekta Karanga. Ndivyo watu walivyoiita ile filamu ndefu ya Wazungu, ya polisi na wauaji, kwa sababu inspekta mwenyewe, mzee mnene asiyebeba bunduki, alitafuna kitu kila alipofikiri. Lugha ya kaseti hakuna aliyeijua. Félicien alisimama kando ya televisheni na mikro yake, akaifasiri kwa Kiswahili, na kwa kuwa majina ya Kizungu hayakai kichwani, kila aliyetokea kwenye filamu alimpa jina la mtu wa hapa hapa mjini. Kutajwa kulikuwa heshima. Watu walimpelekea bia ili wafanywe marafiki wa inspekta, au angalau jirani zake.

Blanchard hakupeleka bia. Siku moja, ndani ya filamu, mwenye duka la vitambaa alikutwa amenyongwa ndani ya nyumba ambayo mlango wake haukuvunjwa, na kwenye picha akatokea mtu mwembamba mwenye funguo tele mkononi. Félicien akamtupia jicho Blanchard pale kwenye benchi, akasema kwenye mikro, "Na muuaji njo huyu, Blanchard fundi wa kufuli." Salle nzima iliangua kicheko, na Blanchard mwenyewe akacheka kuliko wote. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kaseti zilikuwa zile zile, kwa hiyo filamu ilirudiwa miaka na miaka, na watoto wakakua nayo. Wateja wakaanza kumkimbia Blanchard mmoja mmoja, kwa adabu zote. Mama Kavira, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, alikuja kuchukua kufuli ya duka lake kabla haijamalizika.

"Papa Blanchard, si mi," alisema. "Bwana yangu njo anasema tutafute fundi mwingine. Ati weye unaingiaka mu nyumba bila kuvunja mulango."

"Ile iko filme, Mama."

"Najua iko filme," alijibu Kavira, akaitia kufuli kwenye mfuko.

Watu wazima, wenye akili zao, wa misa ya kwanza! Wezi wakiingia kwa mtu bila kuvunja mlango, vijana walianza kwa Blanchard. Safari moja walimpiga mpaka sikio lake la kushoto, lile alilotegea kufuli, likaziba. Baadaye aliacha ufundi wa kufuli. Leo anaziba masufuria na mabeseni yaliyotoboka, na hata hapo wapo wanaopita wakijishika shingo kwa utani.

Binti yake wa pekee, Grâce, anasoma chuoni. Yeye ndiye aliyeipata filamu ile kwenye telefone, safari hii ina maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Alipofika kwenye kisa cha duka la vitambaa alimkimbilia baba yake.

"Papa, tazama. Fundi wa kufuli hakuue mutu. Banamufunga bure, kisha inspekta anamutosha mu gereza. Muuaji iko notaire, ule mwenye kuandikaka mikataba."

Blanchard alimwomba amsomee tena, na tena. Félicien hakujua hata neno moja la lugha ile. Alitunga tu huku akiangalia picha. Blanchard aliweka beseni chini, akalia waziwazi mbele ya mwanawe.

Haikupita muda, vijana wapenzi wa filamu hiyo wakatangaza mashindano ya maswali kwenye salle ya parokia, Jumapili baada ya misa, na zawadi yake kompyuta. Grâce, ambaye kazi yake ya kumaliza masomo alikuwa akiiandika kwa kompyuta ya kuazima, alijiandikisha.

"Bakiuliza ile, Papa, mi njo nitajibu," alimwahidi. "Batu bote batasikia."

Basi Blanchard akavaa koti lake la harusi, akaenda kukaa benchi la mbele. Hakutaka kuombwa msamaha. Alitaka lisemwe tu mbele za watu kwamba si yeye.

Félicien, sasa mzee mwenye mvi, alikuwa amealikwa kuwa mwamuzi. Maswali yaliulizwa na msichana mmoja aitwaye Chancelle, na mwishowe wakabaki wawili, Grâce na kijana Serge. Serge aliulizwa jina la mke wa inspekta. Akajibu kama maandishi yasemavyo, kwamba inspekta hana mke. Salle ikamzomea, maana kila mtu anajua mkewe ni Godelive anayeuza mafuta ya mawese sokoni.

"Hapa tunacheza Inspekta Karanga," aliamua Félicien. "Filme ya Bazungu ibakie kwa Bazungu."

Watu wakapiga makofi, na Serge akakosa. Blanchard alimtazama binti yake, na binti yake alikuwa anaitazama kompyuta juu ya meza.

Swali la mwisho lilimwangukia Grâce. Akilipata, ameshinda.

"Nani alimunyonga mwenye duka la bitambaa?" aliuliza Chancelle.

Grâce alimtafuta baba yake kwa macho, akamwona, akayaondoa.

"Blanchard," alisema.

"Jibu iwe kamili," alisema Chancelle, bila ubaya wowote. Hakujua yule ni binti ya nani. "Blanchard gani?"

"Blanchard fundi wa kufuli."

Salle ililipuka kwa shangwe. Félicien akasimama na mikro, akanyoosha kidole benchi la mbele.

"Na mwenyewe iko hapa. Muuaji wetu apande, njo atatoa zawadi."

Walimpandisha kwa kumsukuma, kwa mapenzi kabisa, wakamwekea kompyuta mikononi. Félicien akamsogezea mikro mdomoni, akamwuliza kama anavyoulizwa muuaji kwenye filamu. "Muuaji, unakubali?"

Watu walisogea wapate kusikia. Nafasi aliyoililia ndiyo hiyo, na neno lilikuwa tayari kooni. Lakini jibu likigeuka, kompyuta inakwenda kwa Serge. Grâce alikuwa mbele yake, ameinamisha kichwa, mikono imenyooshwa nusu. Iliuma kuliko ile siku ya kupigwa.

"Nakubali," alisema Blanchard. "Mi njo nilimunyonga." Kisha akamwambia binti yake kwa sauti ya chini, "Kamata na mikono mbili, Mama, isianguke."

Waliokuwepo wanakubaliana kwamba hakuna aliyewahi kulisema neno lile la muuaji vizuri namna hiyo, hata Félicien.