Sumaku ya Mama Nakeno

Mama Nakeno hanunui kitu mpaka akipapase kiuno. Ndivyo alivyofundishwa kwao Lorugum: mbuzi hatazamwi pembe wala rangi, mbuzi anashikwa hapa nyuma, juu ya mkia, ujue kama kuna nyama au ni manyoya matupu. Mbuzi wenyewe waliisha zamani kwa ukame, mume naye akafa, yeye akahamia Lodwar, mtaa wa Nawoitorong, akawa mfumaji wa vikapu vya miyaa. Lakini mkono haujasahau. Nyanya anaiminya, sufuria anaibonyeza, sabuni anaipima kiganjani mpaka mwenye duka anakasirika. Na mwenye duka mara nyingi ni mimi.

Mimi naitwa Ebla. Nina kibanda karibu na steji, nauza vifaa vya simu na kuwachajia watu simu zao. Wengi wananiita Mama Kaha, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, na wanasema nina mdomo. Ninao, kwani uongo? Bila mdomo utauza nini katika jua hili?

Huyu mama jina lake la kuzaliwa ni Namuria. Alizaa mara nyingi, aliyebaki hai ni Nakeno peke yake. Nakeno alimaliza shule, akakaa bila kazi, kisha wakala mmoja wa Nairobi akampeleka Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Alikuwa anapiga kwa simu yangu kila Ijumaa, waajiri wake wakienda kutembelea jamaa zao. Mama alikuwa hapangi kitu kingine Ijumaa. Ungemkuta amekaa mlangoni pangu tangu asubuhi, kikapu mapajani, ananiziba wateja.

Halafu Nakeno akamtumia simu. Ilikuwa simu kubwa ya bei, kioo kimepasuka pembeni, bibi mwenye nyumba alikuwa ameitupa. Aliyeileta ni Athieng, binti wa Sudan Kusini aliyekulia kambini Kakuma, walikuwa wakifanya kazi mtaa mmoja huko. Athieng alikaa hapa hapa kibandani akaitengeneza. Akamwambia mama aitazame, ageuze uso kushoto, ageuze kulia. Tangu siku hiyo simu ikimwona inafunguka yenyewe. Wacha afurahi! "Mama Kaha, inanijua!" Alikuwa akiifungua na kuifunga mbele ya majirani, nikamwambia jamani, mama, hiyo ni simu, si mjukuu.

Kila siku aliniletea niichaji. Haikuzimika hata mara moja.

Ijumaa moja Nakeno hakupiga. Alituma sauti tu, jioni, kibanda nimeshakifunga, ya haraka, ananong'ona. Alisema wamemhamisha, yuko nyumba nyingine katika mji mwingine, anapigwa, na simu yake wanataka kuichukua. Akataja jina la mji na jina la mwenye nyumba. Akasema, "Mama, yashike hayo majina, uyapeleke serikalini."

Sasa mama wa watu atayashikaje? Ni majina ya Kiarabu, hajawahi kuyasikia maishani. Alisikiliza, akarudia, akasikiliza, yakamtoka. Lakini alijua la kufanya. Mimi nimesoma chuo cha Kurani tangu nikiwa mdogo, majina hayo kwangu si kitu. Akasema moyoni, kesho asubuhi nampelekea Mama Kaha asikilize.

Jioni hiyo chaji ilikuwa karibu kwisha kwa kule kusikiliza. Akaenda kwa jirani mwenye sola, waya ukawa haushiki, unalegea, mchanga umejaa tunduni. Mchanga wa Lodwar unaingia hata ndani ya yai. Basi Mama Nakeno akafanya lile ambalo kila mwanamke wa kwao hufanya kitu kikiingia mahali: mwiba ukiingia mguuni hutolewa kwa ncha. Akachukua sindano yake ya kufumia vikapu, ule msumari anaounoa kwa jiwe, akachokoa. Akachokoa vizuri, hakuna mtu mwenye bidii kama yeye.

Asubuhi alikuja na simu imezimika, na kwenye kiganja chake kipande kidogo cha chuma kinachong'aa.

"Ejok, Mama Kaha," akanisalimu kwa lugha yao. "Tazama uchafu uliokuwa ndani."

Nilipiga ukelele watu wakageuka. Ule haukuwa uchafu, ulikuwa ulimi wenyewe wa kupitishia chaji.

Fundi wangu akasema tundu limekufa na kipuri chake hapa hakuna. Ipelekwe Nairobi, na ikifunguliwa huenda ikarudi tupu. Mtaniuliza kwa nini hatukuhamisha laini. Tulihamisha! Tuliitia katika simu yangu ya dukani, WhatsApp ikafunguka nyeupe pe. Laini ilihama, sauti ya Nakeno haikuhama. Tukampigia Nakeno mwenyewe, hapatikani. Wakala akasema tajiri wa kwanza wa Nakeno anasema binti ametoroka. Kwenye ofisi ya serikali walituambia kwa upole, mama, tupe jina la mji na la mwenye nyumba, tuanzie hapo. Na majina yote mawili yako ndani ya simu iliyokufa. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Nikampigia kaka yangu Abdiqani, ana duka la simu Kakuma. Nikamweleza huku nalia, na mimi si mtu wa kulia.

"Abaayo, dada yangu, nyamaza," akasema. "Simu hiyo haihitaji tundu. Kuna pawabenki za sumaku. Unaibandika mgongoni, inanasa, chaji inapita bila waya. Ninazo hapa. Njooni na simu."

Mama Nakeno nilipomwambia alinishika mikono yote miwili. Akasema Akuj, Mungu wao, hajalala.

Tulifika Kakuma jua likiwa bado la adabu. Abdiqani akatandika pawabenki juu ya meza. Moja nene kama mche wa sabuni, moja nyembamba nyeupe ndani ya kasha zuri, moja ya kijivu isiyo na sura. Mama Nakeno akavuta kiti. Nikajua leo tutakula hapa.

Akaanza na ile nyembamba. Akaipapasa, akaipima. "Hii ni ngozi tu," akasema, akaiweka kando. Abdiqani akacheka, akasema ni kweli, ndani hamna kitu, watu wananunua kasha. Akachukua ile nene, akaibandika kwenye simu, akasimama, akaitikisa kwa nguvu zake zote kama anayekung'uta mkeka. Simu ikaanguka mapajani mwangu.

"Mama, utaivunja!" nikasema.

"Nikitembea nayo si itaanguka? Afadhali ianguke hapa."

"Hii nene ndiyo yenye chaji nyingi," nikasema. "Chukua hii, uifunge na raba, twende."

"Abaayo, hiyo inachemka," Abdiqani akasema. "Kuchaji bila waya kuna moto, na kwenu Lodwar moto mmetosheka. Ikichemka simu itakataa chaji, na yenyewe itavimba. Hii ya kijivu ni ya polepole, ikipata joto inajizima, ikipoa inaendelea. Na sumaku yake inang'ang'ana."

"Polepole mpaka lini? Mtoto anapigwa huko!"

Kumbe nilikuwa nampigia kelele Abdiqani kana kwamba yeye ndiye aliyemchukua Nakeno. Mama Nakeno hakutusikiliza. Aliibandika ile ya kijivu, akaitikisa, ikang'ang'ana. Akaipindua, ikang'ang'ana. Akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, pale pale ambapo angemshika mbuzi.

"Huyu ana nyama," akasema.

Bei tuiache, kaka yangu hakutuumiza. Akabonyeza kitufe, kitaa kikawaka kwenye pawabenki, tukakaa kungoja. Abdiqani akaagiza chai ya maziwa. Mama Nakeno hakuinywa chai yake, alikuwa ameinamia meza. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Wallahi nilikuwa na kalamu mkononi tayari kuandika yale majina.

Simu ikawaka.

Nakeno akatokea. Ni picha aliyoiweka mwenyewe mbele ya simu kabla ya kuituma, amevaa aproni, anacheka, nyuma yake kuna jiko safi la kitajiri. Mama alipiga kigelegele watu wakachungulia mlangoni. Na mimi nikapiga, kwa nini nisipige?

Akaiinua simu, akaitazama ifunguke. Haikufunguka. Badala ya kufunguka ikaleta safu ya namba.

Akageuza uso kushoto. Akageuza kulia. Akavua shanga zake shingoni, labda zinamziba, akaitazama tena. "Ni mimi," akaiambia kwa Kiturkana. Hata mimi Kiturkana hicho nakielewa.

Abdiqani ndiye aliyejua. Akasema kwa sauti ya chini kwamba simu za aina hii zikizimika kabisa zinausahau uso. Zikiamka zinataka namba ya siri kwanza. Bila namba haifunguki, na ukikosea sana inajifuta yote.

"Namba gani?" Mama Nakeno akauliza.

Hakuwahi kuambiwa namba yoyote. Alikuwa na uso tu.

Nikasema Athieng! Athieng yuko hapa hapa kambini, yeye ndiye aliyeitengeneza, lazima anaijua. Tulikwenda mbio, Mama Nakeno mbele, simu na pawabenki vimeshikana kifuani pake. Athieng tulimkuta anafua nje ya nyumba yao. Alipoelewa tunachotaka alikaa chini kwenye mchanga.

"Namba aliiweka Nakeno," akasema. "Siku ile nilimpigia kutoka kibandani kwako, Mama Kaha, akanitajia, nikaiandika kiganjani. Nikaitia, nikaweka uso wa mama. Halafu mkanipa chakula, nikanawa mikono."

Akakitazama kiganja chake, cheupe kwa sabuni. Nilitamani kumzaba kofi, lakini angefanya nini? Nani hanawi kabla ya kula?

Tukajaribu. Athieng akasema huenda ni mwaka wa kuzaliwa, wasichana wengi hufanya hivyo. Mama Nakeno akasema Nakeno alizaliwa mwaka ule punda walipokufa. Ni mwaka gani huo? Hajui, shuleni walimwandikia wowote. Athieng akakisia mmoja, simu ikakataa. Akakisia mwingine, ikakataa. Mwingine tena, ikatuambia tungoje. Abdiqani, aliyekuwa ametufuata, akainyakua. "Basi! Mkiendelea mtaua kila kitu." Mama Nakeno akanyoosha mkono arudishiwe, akaifuta jasho la Abdiqani kwa kanga yake.

Hapo nilijua. Mtu pekee anayeijua namba ni Nakeno, na Nakeno hatumpati mpaka tupate namba. La kuvunda halina ubani. Njiani kurudi nilizungumza upuuzi mtupu, ati kuna mafundi Nairobi, ati teknolojia inakua. Yeye alikuwa anamtazama Nakeno. Picha ikizimika anaigusa, inawaka.

Sasa simu inaishi nyumbani kwake. Anaiegemeza kwenye jerikani la maji lililovikwa gunia bichi, pawabenki imenasa mgongoni, ili zisichemke. Pawabenki yenyewe ananiletea kuichaji, simu haiachi tena mikononi mwa mtu. Laini tumeirudisha humo, kwa sababu simu iliyofungwa haikatazi kupigiwa. WhatsApp yake imebaki kwenye simu yangu ya dukani. Naitazama mimi, haijaleta kitu.

Ijumaa ya kwanza, baada ya sala, niliipiga namba yake nione kama laini inashika. Simu ile haitaji jina la mtu, inalia tu. Nilisikia kikapu kinaanguka, halafu sauti yake, "Nakeno? Nakeno?"

"Ni mimi, Ebla," nikasema. "Najaribu tu."

Nikamsikia anaokota kikapu. Nilitaka ardhi inimeze.

Ijumaa iliyofuata sikupiga, nitamfanyia mtu ukatili huo mara mbili? Jumamosi asubuhi akasimama mlangoni pangu, pawabenki mkononi, uso umekunjwa.

"Mama Kaha, mbona jana hukupiga?"

"Nipige ya nini, mama? Nikuumize?"

"Piga," akasema. "Ikilia, kabla sijaishika, ni yeye."

Basi kila Ijumaa nikitoka kusali naketi kibandani, napiga. Hashiki. Nasikia inaita, inaita, mpaka inakatika yenyewe.