Siku Mama Alipotoa Ufunguo wa Mitiweli

Turubai lililokunjwa likiwa bichi lina harufu yake: ukungu, moshi wa zamani, na jasho la watu waliokaa chini yake wakilia. Juzi nilipita kwenye kilio kimoja hapa Kalemie, vijana wakiwa ndiyo kwanza wanalitandaza, na harufu ile ikanifikia nikiwa bado barabarani. Nilisimama palepale. Nilikuwa nimerudi utotoni, mwaka aliofariki Papa Kisimba, rais wetu.

Msishtuke, si rais wa nchi. Papa Kisimba alikuwa rais wa mitiweli, chama cha kuzikana cha mtaa wetu wa watu wa reli. Tulikuwa mchanganyiko, Waluba, Watabwa, Wabembe, watu walioletwa na gari la moshi na kubaki hapo hata lilipoanza kuja linavyotaka lenyewe. Mali ya chama ilikuwa viti, masufuria na maturubai, vyote vimefungiwa katika stoo nyuma ya kanisa, na ufunguo ulikaa kwa rais. Mama yangu, aliyeuza sokoni mikebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa, alikuwa makamu wake. Nadhani walimchagua ili kamati isiwe ya masharubu matupu.

Basi rais mwenyewe akafa. Watu walijaa uwanjani kwake asubuhi, mvua ikaanza, na turubai hakuna. Ufunguo ulikuwa ndani, katika vitu vya marehemu, na hakuna aliyethubutu kuuomba, kwa sababu kuuomba kulionekana kama kukitamani kiti kabla mwenyewe hajazikwa. Wanasema penye wazee hapaharibiki neno. Wazee wa mtaa walikuwepo wote siku ile, wamejifunika magunia kichwani, na neno likaharibika mbele yao.

Nilijibanza kwa baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, nikamwuliza kwa nini tunalowa.

"Feza, hata inchi yetu njo vile," alininong'oneza. "Rais akikufa, rais wa Seneti anashika kiti kwa muda tu, mpaka watu wachague mwingine. Kwetu hapa anayeshika njo mama yako. Lakini anaona haya."

Hatimaye Mama aliinuka. Aliingia kwa mjane, Mama Kisimba, rafiki yake aliyeanika naye samaki ufukweni miaka na miaka, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, watu wananyeshewa. Unipe ufunguo nifunike kilio cha bwana yako."

Mjane alitafuta katika koti la marehemu, akampa. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa rais wa muda.

Wacha niseme ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Kwenye vilio wapishi walinipa bakuli la mboga ya sombe kabla ya watoto wengine, na watu wazima wakanisalimu kwa jina. Aliyeniharibia ni Mama mwenyewe. Kila alipoitwa "Mama Presida," alijibu, "Wa muda." Wenzangu wakadaka neno hilo na kunibatiza: "Wa Muda, kuja tucheze!" Wapishi walipotaka abadilishe sheria ya michango iliyowaudhi, aliwaambia wangoje rais. Papa yangu alinieleza kwamba aliyeshika kwa muda habadilishi sheria wala hafukuzi mtu, kazi yake ni kuwafikisha watu kwenye kura. Niliona huo ni urais wa kinyonge kabisa.

Kisha akaja Yaya Ngoy, yaani kaka Ngoy, mtoto wa kwanza wa marehemu, kutoka Lubumbashi, kwa ajili ya kumaliza matanga. Alifika kwetu na wazee wawili, Mama akiwa anageuza samaki juu ya moshi.

"Mama, aksanti kwa kutuchungia ufunguo. Sasa niko hapa, sirudie tena Lubumbashi. Papa yangu njo alianzisha hii mitiweli. Unipe."

"Mwanangu, ungoje kura," Mama alisema.

Mzee mmoja akaguna. "Damu ni nzito kuliko maji, Mama Feza. Hata kule Kinshasa, mutoto alishashika kiti ya papa yake."

Mama aligeuza samaki mwingine. Moshi ulimtoa machozi, akayafuta kwa kiganja, akaendelea kugeuza mpaka walipoondoka.

Kesho yake Mama Kisimba alihamisha vichanja vyake vya samaki, akaenda kuanika mbali, upande ambako mto Lukuga unatoka ziwani. Walipokutana sokoni alitazama pembeni. Mama alirudi nyumbani, akasonga bukari, akatupakulia sote, yeye akala matonge machache tu. Niliumia kumwona vile, na nikamchukia Ngoy kwa moyo wangu wote.

Kura ilipigwa katika uwanja wa kanisa, kila mtu akijipanga mstari nyuma ya amtakaye, Mama au Ngoy. Mstari wa Mama ulikuwa mfupi. Papa alisimama ndani yake, wima kama yuko mbele ya darasa. Mstari wa Ngoy ulifika hadi getini, na ndani yake niliwaona watu waliokula kwetu wiki ileile. Wengine walimpenda kijana, wengine walimhurumia yatima.

Watu wote wakamgeukia Mama. Alifungua fundo la kitenge chake, akaushika ufunguo kwa mikono miwili, akamwendea Ngoy.

"Presida, ufunguo wako huu. Ile kufuli usukume kwanza, njo itafunguka. Ukivuta kwa nguvu itakukatalia."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Kisimba alitoka mstarini, akamkumbatia rafiki yake, na wote wawili wakalia.

Njiani kurudi nilipasuka. "Kama ulijua utamupa, si ungemupa ile siku? Asingekununia Mama Kisimba!"

"Ile siku aliomba kitu cha papa yake," alisema. "Leo nimemupa kitu cha watu."

Nililisikia jibu hilo, nikaamua moyoni kwamba Mama hakuutaka urais tangu mwanzo. Ningejuaje? Katika hadithi za wakubwa, marais wa nchi yetu walitoka kwa kukimbia au kwa kubebwa. Nilipokuwa msichana mkubwa ndipo tuliona kwenye televisheni rais mmoja akimwachia mwingine, wote wawili hai, wamesimama pamoja. Majirani waliojazana kwetu walishangaa. Mama alikuwa kwenye mkeka, miguu imemvimba, akitazama bila kupepesa. Nikamwuliza kwa utani kama yeye hakuutaka urais wa mitiweli hata kidogo.

"Niliutaka sana, Feza," alisema. "Nilikuwa nimeshapanga mambo mingi ya kufanya. Niliporudi kutoka kwa ile kura nililia siku tatu, papa yako njo anajua."

Papa alitikisa kichwa kukubali, macho yake yakiwa kwenye televisheni. Mimi sikuweza kuendelea kutazama. Miaka yote ile niliamini nilimwona mtu akitoa kitu asichokihitaji. Kumbe alikuwa anatoa kitu alichokipenda, anampa aliyemshinda, na bado akamfundisha namna ya kufungua mlango.