Utani wa Mwalimu Erasmo

Mwanaima alikuwa mwepesi wa kucheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Ni Mmwera wa Kitomanga aliyeolewa Mitwero, akafiwa na mume, na tangu hapo anavuna chumvi kwenye mabwawa ya nje ya mji. Jioni hurudi nyayo zimechubuka. Mtoto wake ni mmoja tu, Saida, aliyekuwa darasa la nne wakati wa haya ninayoyasimulia.

Saida alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na ukimtuma vitu viwili kwa mpigo atarudi na kimoja, au atasimama mlangoni mikono mitupu, macho chini. Watu wana majina yao kwa mtoto wa namna hiyo, na yote yananuka. Zezeta. Taahira. Wapo waliosema mama yake alivunja mwiko akiwa na mimba. Wapo waliojiona wema, wakamletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, anywe ili akili ifunguke. Alikunywa, akachafua gauni, na akili ikabaki pale pale.

Aliyesema jambo lenyewe bila kuzungukazunguka ni mwalimu Tekla, binti mgeni shuleni, aliyesomea elimu maalumu.

"Mama Saida, huyu si mvivu wala hajarogwa," alimwambia. "Ana ulemavu wa akili, ila si ule mkubwa. Anajifunza kwa mwendo wake. Mpe jambo moja, alishike kwa mkono, alirudie mpaka limkae. Kuna mwingine humu darasani anaelewa kila kitu, lakini herufi zinamchanganya akisoma. Huyo naye ana shida yake nyingine. Tukiwajumlisha wote tukawaita wajinga, wajinga ni sisi."

Tekla akamfundisha Saida kuhesabu kwa simbi za pwani. Muhula ulipokaribia kwisha, mtoto aliandika jina lake lote na kujumlisha hesabu ndogo ndogo. Akawa anausubiri mtihani wa taifa wa darasa la nne kwa hamu, maana hajawahi kuulizwa kitu anachokijua.

Sasa mwalimu mkuu. Huyu ni Erasmo, Mngoni wa Songea, na Wangoni na Wamwera ni watani tangu babu zao walipopigana. Mtani ana ruhusa ya kukusema hadharani, na ukinuna umeshindwa, watu wanakucheka wewe. Erasmo humwita Mwanaima kutoka ng'ambo ya barabara: "Mmwera! Babu zako tuliwakimbiza mpaka wakaishia baharini, ndiyo maana unaokota chumvi." Naye hujibu: "Na wewe umefuata nini pwani? Panya wenu wa kula wameisha Songea?" Wapita njia hoi.

Kwenye kikao cha wazazi kabla ya mtihani, Erasmo aliisifia shule kwa wastani wake mzuri, kisha akamgeukia Mwanaima.

"Huyu zezeta wa mtani wangu, siku ya mtihani nitamweka jikoni awasugulie wasimamizi masufuria, asije akatuharibia wastani."

Kikao kizima kikaangua kicheko. Mwanaima naye akacheka, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. "Basi ufunike chungu vizuri," akajibu, "asije akakuta panya wako." Wakacheka tena. Tekla peke yake hakucheka.

Siku yenyewe, Tekla alikuwa amepangiwa kusimamia shule nyingine. Mwanaima alimvika Saida sare iliyopigwa pasi na mtandio mweupe, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi ndani akaona penseli zimesahauliwa kwenye mkeka, akazichukua akaenda nazo shuleni.

Alimkuta nyuma ya jiko. Saida alikuwa amechuchumaa kwenye maji machafu, anakwangua ukoko, mikono ya shati myeusi kwa masizi. Pembeni yake kulikuwa na manyoya ya kuku na matumbo, nzi wamejaa.

"Mama," akasema, "mwalimu kasema mtihani wangu ndio huu."

Mwanaima aliona kinyaa. Hakikuwa cha matumbo ya kuku. Ni cha watu wazima waliosoma, waliokaa barazani na chai yao, wakimtazama mtoto anasugua. Kilikuwa pia cha kicheko chake mwenyewe kule kikaoni, kwa maana alielewa sasa kwamba yule bwana hakutania hata kidogo. Aliomba ruhusa mbele ya wazazi wote, na Mwanaima akampa kwa kucheka.

"Mtani!" Erasmo aliita. "Si nilikwambia? Si ulicheka mwenyewe?" Walimu wawili waliokuwa naye wakaanza kutabasamu, wanangoja habari za panya.

Mwanaima alimnawisha mtoto, akamshika mkono, akaenda naye mpaka barazani. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mwalimu mkuu."

Kwao Mmwera hamwamkii Mngoni wake hivyo. Anamtukana, naye anatukanwa. Kumpa mtani shikamoo ni kumfanya mtu wa mbali. Walimu wakashusha vikombe.

"Marahaba," akasema Erasmo.

"Nimemleta mwanafunzi wako afanye mtihani."

Msimamizi alichungulia kutoka darasani. "Huyo niliambiwa mgonjwa," akasema. Aliyatazama masizi kwenye shati, akamtazama Erasmo, kisha akamwambia Saida aingie akakae, muda bado upo. Saida akapokea penseli zake akaingia.

Alama zake zilikuwa za chini, na akarudia darasa, kama Tekla alivyokuwa amemwandaa mama mtu. Lakini zilikuwa alama zake.

Mwaka uliofuata, baba yake Mwanaima alifariki Kitomanga. Watani walikuja kama desturi inavyotaka: mmoja akalala kaburini akidai hatoki, mwingine akaigiza kikohozi cha marehemu, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Erasmo naye alifika, suruali ameshaikunja tayari kuingia kaburini. Mwanaima akatoka kwa wanawake, akamfuata.

"Karibu, mwalimu, na ahsante kwa kuja," akamwambia kwa adabu. "Wageni wanakaa upande ule."

Akamtandikia mkeka mpya, akaagiza aletewe maji ya kunawa.