Kaseti ya Mzee wa Minago

Katika ofisi ya wakili niliyemfanyia kazi pale Rumonge tulikuwa na kaseti nne tu, zile ndogo za mashine ya kurekodia, kila moja haizidi kiberiti. Hata Bujumbura haziuzwi tena. Bosi hakuamini simu; alisema ikiibwa, siri za wateja zinaondoka nayo. Basi alirekodi, mimi nikachapa, kisha nikafuta. Kujua kama kaseti ni tupu, nilisikiliza mwanzo wake kidogo. Ikiwa kimya, natumia.

Asubuhi moja alitaka kaseti. Nikachukua moja mezani, nikasikiliza: kimya. Akasemea humo barua ndefu ya kuomba ukarabati wa choo. Alipomaliza akaniuliza kama nimeshachapa maneno ya mzee wa Minago.

Sikuwa nimeyachapa, na kaseti niliyompa ndiyo iliyokuwa nayo. Mzee huyo alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Ndiye aliyekuwa amebaki kati ya wote waliokunywa pombe ya mashahidi siku ambayo mpaka wa shamba la michikichi uliwekwa, na binti wa mwenye shamba, aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania kulidai, hakuwa na shahidi mwingine. Bosi alimrekodi kitandani. Sikuwapo, sikujua kwamba mwanzoni mwa kaseti mzee alinyamaza karibu dakika nzima kabla ya kuwataja wenzake marehemu.

Nikajibu kwamba bado kidogo. Mwongo mkubwa mimi. Nilijifungia chooni. Kesi niliijua yote. Ningeweza kuyatunga maneno yake, na nani angejua? Wazo hilo lilinitisha kuliko kufukuzwa kazi, maana nilishaanza kuchagua sentensi ya kwanza.

Nilipotoka nikamkuta yule binti, mama mtu mzima, ameketi na chupa ya mawese aliyoniletea. “Murakoze kwa kutuchapia, mwanangu,” akasema akinikabidhi.

Nikashindwa. Nikawaambia ukweli wote wawili, yeye na bosi, chupa ikiwa bado mkononi mwangu. Bosi alishika kichwa. Mama hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Aliomba tu asikie kilichobaki.

Tukasikiliza barua yote ya choo, bosi akitazama sakafu. Ilipokwisha, mashine ikakwaruza, kisha ikaja sauti ya mzee, imechoka.

“Imeingia vizuri? Ao niseme tena?”

“Inatosha, muzee,” sauti ya bosi ikamjibu. “Pumuzika sasa.”