Nyasi Ambazo Mama Mudogo Alikataa Kuchoma

Hadi leo nikiona mtu anawasha kiberiti pembeni ya shamba, mkono wangu unataka kumnyang'anya. Watu wananijua kwa kucheka. Lakini kwa jambo hili moja naomba mniache nikasirike.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikaa Baraka, mji wa kando ya ziwa, na mdogo wa mama yangu, mjane aliyenilea, niliyemwita mama mudogo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita na shule niliiacha darasa la tano. Mashamba mazuri ya juu, upande wa barabara ya Fizi, hayakufikika tena kwa sababu wenye bunduki walikaa huko. Basi watu wote tulibanana kulima mteremko mmoja wa karibu, mwaka hadi mwaka, bila kuupumzisha. Miti yake tulishaigeuza makaa. Udongo ulikuwa umechoka kabla jua halijaugusa, na hilo hakuna aliyetaka kulisema.

Kwetu kiangazi kikifika mwisho, shamba linachomwa. Mwezi wa nane mlima wote unatoa moshi, na asiyechoma anaitwa mvivu. Mama mudogo aliacha kuchoma. Alikuwa ameona jambo dogo tu: chini ya migomba yake, pale majani yalipoanguka na kuoza, udongo ulikuwa na unyevu hata wiki za mwisho za kiangazi. Akakata nyasi zake, akazilaza shambani kama mkeka, kisha akanituma nilete nyingine kutoka kando ya njia. Nilizibeba kichwani kwa haya.

"Mama mudogo, hizi nyasi zote ni za nini? Hata ng'ombe hatuna!"

"Udongo ndio ng'ombe yangu," akajibu. "Ukimulisha, atakupa maziwa. Beba, we mucheshi!"

Alikuwa na tabia nyingine. Miti ya muhogo, vile vipande vya shina tunavyopanda, hakuiacha juani. Aliilaza ndani ya shimo lenye kivuli karibu na kijito, akaifunika majani ya ndizi. "Muhogo wa kula utaomba kwa jirani," alisema. "Mbegu utaomba kwa nani?"

Mvua ya Septemba ilinyesha wiki moja. Watu wakafurahi, wakapanda mahindi na maharagwe yote waliyokuwa nayo. Halafu ikanyamaza. Oktoba ikaisha. Mahindi yakajikunja kama majani ya tumbaku. Na ziwa zima liko pale chini, linatutazama! Mimi niliota mambo makubwa: bomba linalopanda kutoka ziwani, pipa chini ya kila bati. Niliota huku nimebeba bidoni ya maji, mabega yakiniuma. "Ota tu," alisema mama mudogo, "lakini nyunyiza."

Shamba letu halikuwa la ajabu. Pembeni lilikuwa limegeuka manjano. Lakini lilikuwa limesimama, na hilo ndilo likawa kosa letu.

Minong'ono ilianzia kisimani. Asubuhi moja shefu wa avenue yetu, mkuu wa mtaa, alifika shambani na kundi la watu nyuma yake.

"Mama, batu banasema umefunga mvua. Mvua ya wote iko chini ya nyasi zako."

"Baba shefu, ingiza mukono. Maji iko, kweli. Ni ile ya wiki moja, na kidogo ya bidoni. Kwenu jua liliinywa, kwangu imefunikwa. Ni hiyo tu."

"Munasikia? Amekubali!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

"Na we ukifunika sufuria yako, ni uchawi?" nikamjibu.

Watu wawili wakacheka. Shefu hakucheka. "Mutoto, nyamaza. Leo tunafungua mvua."

Wakawasha. Juu nyasi zilikuwa kavu, zikaungua haraka. Mama mudogo alisimama amekunja mikono kifuani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa sauti, bila aibu. Siku ya kwanza, chini ya majivu, udongo ulikuwa bado mweusi. Siku ya tatu ukapasuka. Sasa tulikuwa sawa na wengine, na nadhani ndicho walichotaka.

Na mvua yao? Haikuja wiki ile, wala iliyofuata. Hakuna aliyepita kusema pole. Wenye bunduki waliposhuka kupora kuku, hakuna aliyewaambia kwamba wamefunga kitu. Waliotuzuia kwenda mashamba ya juu hawakuitwa wachawi. Sisi wenyewe tuliokata miti hatukujiita wachawi. Mjane mwenye nyasi, huyo ndiye aliyefaa!

Mvua ilirudi Desemba, nzito, ikakuta udongo mtupu na kuubeba mpaka ziwani ukiwa mwekundu. Kisha watu wakatafuta miti ya muhogo. Yao ilikuwa imekauka, mingine waliitia motoni wakapikia. Ndipo wakakumbuka lile shimo la kijito.

Walikuja mmoja mmoja, wakipitia nyuma ya nyumba. Mama mudogo akawapa.

"Hata yule aliyepiga kelele?" nikauliza.

"Hata yeye. Iko na batoto. Njaa yake itakusaidia nini?"

Sikuweza kumshinda, basi nikaweka sharti langu. Karibu na shimo nilikuwa nimefunika upya kipande cha udongo kwa nyasi. Jua lilikuwa limewaka siku nyingi tena, na pembeni yake ardhi ilikuwa ngumu kama tofali. Anayetaka miti aingize mkono kwanza.

Shefu alikuja wa mwisho, kofia mkononi. "Mutoto wangu, nipatie tu."

"Mukono kwanza, baba shefu."

Alimtazama mama mudogo. Mama mudogo alitazama ziwa. Shefu akainama, akaingiza mkono chini ya nyasi hadi kiwikoni.

"Iko nini?" nikamuuliza.

"Iko baridi," akasema polepole. "Iko maji."

Nikampa tita la miti, na juu yake nikaweka tita la nyasi. "Hii haichomwi," nikamwambia. Alibeba vyote viwili kichwani, mchana kweupe. Nilimfuata mpaka njia kuu, nione kama atazitupa zile nyasi.

Hakuzitupa.