Filamu ya Bulangeti

Mtu aliyekuwa akitutafsiria filamu kwa mikro, yaani kipaza sauti, mtaani kwetu Mangobo amekufa. Nilipata habari juzi asubuhi, nikiwa nimesimama kwa mama anayeuza mikate. Alisema tu, "Mwenye mikro ametuacha," kisha akaendelea kuwafungia wengine mikate yao. Nilirudi nyumbani, nikanywa chai yangu, nikaimaliza. Wanaosoma ukurasa huu wa gazeti letu la shule wananijua: mimi ni msichana wa haya, hata kujibu "présent" darasani kunanitoa jasho, na ndiyo maana naandika badala ya kusema. Leo naandika juu ya mtu ambaye sikumpenda, na sitajifanya nilimpenda kwa sababu sasa yuko ndani ya sanduku. Kazi hiyo wengi wameshaifanya tangu jana, na wanaifanya vizuri kuliko mimi.

Nyumba yake ya video ilikuwa chumba cha mbao na mabati, mabenchi bila mgongo, televisheni juu ya meza, na jenereta ikikohoa nyuma ya ukuta. Filamu zilikuja zikisema Kifaransa cha haraka, kile ambacho hata walimu wetu hukifuata kwa kukunja uso. Yeye alikaa pembeni, mikro mdomoni, akatusemea kwa Kiswahili, na mambo yakichemka akaingia katika Lingala. Nitasema na zuri lake, maana alikuwa nalo. Mke wa jenerali mmoja, ndani ya nyumba kubwa yenye mazulia, alifungua mlango na kumwambia mumewe nadhani "bonsoir" tu, lakini kwetu, kwa sauti ya marehemu, alimwambia, "Ah, papa ya watoto, unarudi saa hii? Na ile mboga ya pondu nilikuachia, imekwisha kulala mbele yako." Alikuwa na sauti za mama wote wa soko letu ndani ya koo lake. Mtu wa kipaji namna hiyo angeweza kufanya mema mengi sana, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi.

Kulikuwa na filamu moja ya jasusi aliyoirudia miaka na miaka. Jina lake la kweli silitaji. Hapa kila mtu anaiita filamu ya bulangeti, yaani blanketi, na hivi punde nitaeleza kwa nini. Ni hadithi ya mtu anayeishi katika mji wa baridi, anajifanya fundi wa saa, kumbe anasikiliza siri za wakubwa wanaoleta saa zao. Hapigani. Bastola yake inaonekana kidogo ndani ya droo ya meza, kisha droo inafungwa na basi. Anakunywa chai, anatazama dirishani, ananyamaza. Mara ya kwanza watu waliichukia kabisa. "Mwenye mikro, hii ni film ama ni messe?" mmoja aliuliza, kana kwamba tuko misa kanisani. Mwingine akasimama, akajipangusa suruali: "Mimi nilikuja kuona bunduki, naona mzee anakunywa chai. Chai hata kwetu iko." Walitoka mmoja mmoja, na waliobaki walibaki kwa sababu nje ilikuwa mvua.

Ndipo lilipokuja lile neno. Mkubwa wa jasusi anamkuta barabarani, theluji inaanguka, anamwambia kwa sauti ya chini: "Ta couverture est tombée." Sisi tuliosoma Kifaransa cha shule tunajua couverture ni kitu cha kujifunika kitandani. Lakini kwa majasusi ni ule uongo unaomficha mtu, ile kazi ya saa anayojifunika nayo asijulikane. Mwenye mikro alisema, taratibu, kama daktari anayetoa habari mbaya: "Mutoto yangu, bulangeti yako imeanguka." Na pale kwenye televisheni mtu amesimama na koti tu, bulangeti haipo, anatazama chini kama anaitafuta. Nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Tangu hapo kila couverture ikawa bulangeti. Jasusi akawa mtu anayetafuta bulangeti yake katika nchi ya baridi, wakubwa wanamuuliza nani amempa bulangeti, mke wa jenerali anamwahidi bulangeti mpya. Wale wale waliouliza kama ni messe wakaanza kuja na ndugu zao. Wakasema hakuna filamu ya kuchekesha kama ile tangu dunia iumbwe.

Kicheko nacho huchoka. Baadaye, sijui ilianza na nani, wakaacha kucheka na kuanza kutikisa kichwa. "Film hii inafundisha," walisema sasa, na jasusi wakimwita espion. "Espion wa kweli hapigani. Espion anakaa kimya, anasikiliza tu." Ule ukimya walioutukana mwanzoni ukawa hekima. Mtu akikaa peke yake kwenye benchi la nje, wengine wanaulizana kwa utani kama ana bulangeti. Ulikuwa utani, ndiyo. Lakini huu ni mji ambao wazazi wetu, siku za vita, walilala chini ya vitanda risasi zikipita juu ya mabati, na mtu aliyeitwa espion siku zile hakubaki hai wa kuitwa mara ya pili. Neno kama hilo halichezewi hapa. Mwenye mikro alikuwa na umri wa kulijua hilo kuliko mimi.

Katika majira hayo tonton yangu, yaani mjomba, alifika kutoka Bafwasende. Ni mdogo wa mama. Alikuwa akichimba dhahabu msituni, akaugua malaria, akaja kwetu kwa matibabu, na kwa nia ya kutorudi tena kwenye mashimo. Alitaka kukodi chumba kimoja kinachotazama barabara, aweke mahali pa kuchaji simu. Jumapili moja alasiri, homa ikiwa imepungua, aliniambia, "Twende kuangalia film, nimechoka kuangalia dari." Alijifunika bulangeti ya mama, ile nyekundu yenye simba, kwa sababu alikuwa bado anatetemeka. Tulikaa benchi la nyuma. Tonton ni mtu wa kimya, kama mimi. Haya yangu watu wanasema nimeirithi kwake. Filamu ilipofika kwenye theluji, mwenye mikro aligeuza uso, akamwona, na badala ya maneno yake ya kila siku akasema: "Ee, jamani, espion mwenyewe yuko nyuma pale. Yake haijaanguka bado."

Watu wote waligeuka. Walicheka mpaka benchi la mbele likapinduka. Tonton naye alitabasamu, akainua pembe ya bulangeti kidogo kama mtu anayesalimu. Nataka mlijue hilo, kwamba alicheka pamoja nao. Hakujua kwamba jina alilopewa pale lingetoka naye mlangoni.

Kwanza walikuwa watoto, "Bulangeti! Bulangeti!" mpaka kwenye bomba la maji. Hilo linavumilika. Kisha wamama wa soko wakaanza kupunguza sauti akipita. Kisha vijana wakaulizana: huyu mtu anatoka msituni, hasemi sana, anataka chumba kinachotazama barabara ile wanajeshi wa kambi ya Kapalata wanapita, kwa nini? Anataka watu wamwachie simu zao, kwa nini? Mnaona jinsi filamu ilivyowafundisha. Mwenye chumba kile alikuja kwetu na adabu zake zote, akakataa kukaa. "Papa, mimi sina shida na wewe hata kidogo. Lakini watu wanasema, na mimi niko na watoto." Tonton alimjibu, "Watu wanasema nini, papa?" Yule akaaga, akatoka. Chumba kikapewa mwingine.

Mama yangu hakukubali. Alinichukua kama shahidi, tukaenda kwa mwenye mikro mchana, akiwa anafagia kati ya mabenchi. Mama alimwambia: "Kaka, ndugu yangu alikuwa mugonjwa. Neno ulilitoa na mikro, ulirudishe na mikro." Mwenye mikro akampa mkono mama, akatuletea kiti kimoja. Mimi, nikitazama chini, nilitoa sauti kidogo na kusema kwamba couverture katika filamu ile si bulangeti. Nilidhani atashangaa. Alicheka kwa pua. "Mutoto, minajua. Tangu siku ya kwanza minajua. Lakini ile maana ingine haichekeshi." Kisha akamgeukia mama: "Dada, usilie. Dimanche nitasema. Kwani ni kazi? Ni neno moja tu."

Jumapili tulikuwepo, mama, tonton na mimi. Na nitasema haki: alijaribu. Filamu ilipofika kwenye theluji alisema, "Mutoto yangu, sasa wamekujua." Halafu mtu mmoja akapiga mluzi, na wote wakaanza, "Bulangeti! Bulangeti!", wakigonga mabenchi kwa viganja. Mwenye mikro alitutazama. Alituona vizuri, tulikuwa mbele. Akaleta mikro karibu na mdomo, akawapa walichotaka: "Bon, bulangeti yako imeanguka." Walishangilia kama timu imeshinda. Tonton alisimama, akamshika mama bega, akatoka. Wiki hiyo hiyo alipanda lori la kurudi Bafwasende, kwenye mashimo yale aliyoyakimbia. Bulangeti nyekundu aliiacha, imekunjwa juu ya kitanda.

Miaka ilipita, simu zikawa nyingi, vijana wakaiweka ile filamu ndani ya simu zao wakaitazama peke yao, kwa maneno yake ya kweli. Wakabadilika tena. "Haina chumvi," wakasema. "Bila ule mwenye mikro, ni saa tu na chai." Walielewa sasa kwamba couverture haikuwa bulangeti, wakaona aibu kidogo kwa niaba ya filamu. Aibu kwa niaba ya mtu, hapana. Nilisubiri. Nilifikiri anayegundua kwamba neno lilikuwa la uongo atarudi nyuma mpaka kwa yule aliyebandikwa neno hilo. Hakuna aliyekuja.

Jana tulikwenda matanga, maana mama anasema ubaya wa mtu haukuzuii kukaa kwenye kiti chake cha msiba. Chini ya turubai walikuwa wameweka televisheni, na filamu ya bulangeti ikipita kama kumbukumbu. Mikro ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa cheupe. Na kumbe wote wanajua maneno yake kwa moyo. Waliyasema kwa pamoja juu ya Kifaransa, wazee kwa vijana, na kwenye theluji walipaza sauti, "Mutoto yangu, bulangeti yako imeanguka," wakicheka na machozi yakitoka. Yule aliyeuliza kama ni messe alikuwa mbele kabisa, akimweleza jirani yake, "Mimi film hii niliipenda tangu siku ya kwanza." Jirani akaitikia, "Na mimi." Kwao sasa ile filamu ni lulu, ni urithi wa Mangobo.

Kijana mmoja aliyekuwa akihudumia motoni, mwenye adabu, alimletea mama kahawa. Akainama akamuuliza, kwa mapenzi kabisa, "Mama, na ule ndugu yako espion, yuko wapi siku hizi?"

Mama aliweka kikombe chini. "Ule mutu alikuwa na malaria."

"Mama, tunajua. Ilikuwa blague tu, utani."

"Munajua?"

"Wote tunajua, mama."

Mama akatoa simu, akapiga namba, akamnyooshea. "Basi umwambie. Umwambie munajua, arudi."

Kijana aliitazama simu kama kitu cha moto. Akasema, "Mama, nitamupigia kesho," akarudi kwenye kiti chake. Sauti ya tonton ilikuwa tayari inasema allô, allô. Mama akaichukua sikioni. Nyuma yetu walikuwa wamerudisha filamu kidogo ili waseme lile neno tena. Tonton akauliza kelele hizo ni za nini. "Matanga," mama alisema. "Wanaangalia film." Akauliza tena: "Ile?" "Ile." Akasema mtandao ni mbaya, akakata.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Nimesikia methali hiyo mara nyingi tangu jana, kila anayemtetea marehemu anayo. Siikubali. Nimewaona watu hawa wakizoa maneno yao bila shida: filamu ilikuwa messe, ikawa kichekesho, ikawa shule, ikawa kitu bila chumvi, leo ni lulu. Mara nne wamegeuka, na hakuna aliyevunjika shingo. Filamu haikubadilika hata picha moja, ni wao. Kumbe kubadilisha mawazo ni rahisi kama kitu chenyewe hakikudai uinuke kwenye kiti. Juu ya televisheni wamebadilika mara nne, juu ya mtu hata mara moja. Marehemu alijua ukweli akachagua kicheko, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi ndio tuliomlipa kwa kicheko hicho, kila Jumapili. Ukilitoa neno mbele ya watu, lirudishe mbele ya watu, ungali na pumzi, hata wakigonga mabenchi. Ukichelewa, mikro italazwa juu ya kitambaa cheupe na hakuna atakayethubutu kuishika.

Kwa kuwa mwenye mikro hakusema, ninaandika hapa, mahali pekee ambapo sauti yangu haitetemeki. Tonton yangu alikuwa na malaria. Alihisi baridi. Ile ilikuwa bulangeti.