Ua la Kikanda Ndani ya Daftari

Asubuhi ile niliamka nyumbani kwa shangazi yangu, pale Kamina, nikasikia treni ya mizigo ikipiga honi, nikavaa viatu. Sababu nyingine haikuwepo. Shangazi alikuwa akichekecha unga wa mihogo uani.

"Unaenda wapi?"

"Sijui."

"Basi, usalimie watu wa huko."

Alikuwa amenizoea.

Nilifuata reli mpaka nyumba zikaisha, nikashika kinjia kilichoteremka kati ya mihogo. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Ukungu ulilala bondeni kama maziwa, na ndani yake kijito kilikuwa kikiongea peke yake. Kwenye mlango wa bonde, nyasi ndefu za pande zote mbili za njia zilikuwa zimefungwa pamoja fundo moja. Nilidhani ni alama ya mwindaji. Nikaliruka.

Ndani, kila kitu kilikuwa kinatona. Kangaga zilifika kiunoni. Mabondo, ile mitende inayopenda kusimama majini, yaliinamisha majani yake marefu mpaka yakagusa mgongo wa kijito. Nilionja tunda jekundu lililochomoza ardhini bila mti, likanikunja uso. Nililala kifudifudi kutazama mmea mwekundu usiozidi ukucha, wenye vinywele vyenye matone; mbu mmoja alikuwa amenata pale, nao mmea ulikuwa unamkunjia kidole polepole. Sijui nililala hapo muda gani. Maji yalipita karibu na sikio langu, na kwa kitambo sikuwa na mahali pa kurudi wala pa kwenda.

Nilipoinua kichwa, nikaliona ua. Lilisimama kwenye bua lake, lina rangi ya waridi, na kila kiua kidogo kilikuwa na vimkia viwili nyuma. Nina daftari ninalobania mimea tangu nilipoacha shule. Mingi siijui majina, naandika tu mahali iliposimama na jirani zake. Nikatoa kisu, nikalikata, nikaandika: *kando ya kichuguu kifupi, kati ya nyasi za vichwa vyeupe na mla mbu, maji yanapagusa, hayapafuniki.*

"Weye, baba. Ile fundo haukuiona?"

Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu, kitambaa cheusi kichwani.

"Niliiona, mama. Nilizania ni ya muwindaji."

"Muwindaji wa nini? Wa vyura? Leta iyo kitabu."

Nikalifungua daftari. Alilitazama ua kwa muda mrefu.

"Njo hii yenyewe," akasema. "Mvua tatu miye naitafuta. Weye umekuja asubuhi moja, umeipata, umeikata."

Lilikuwa ua la kikanda. Kikanda nimekila sokoni tangu utotoni: viazi vidogo vya porini, vinapondwa na karanga na pilipili, vinapikwa mpaka vinashikana, vinakatwa vipande. Sikuwahi kuuliza ua lake linafananaje.

Alinieleza huku akipapasa udongo kwenye bua nililolikata. Wachimbaji wa viazi hivyo walikuwa wamekimaliza bondeni. Mume wake alipofariki, shemeji yake alitaka palimwe kabichi. Yeye akaomba pafungwe kwa fundo lile la nyasi mvua tatu, yaani misimu mitatu, kikanda kirudi. Kisiporudi, jembe liingie. Hiyo ilikuwa mvua ya tatu, na shemeji alikuwa anakuja siku hiyo hiyo kuangalia.

Vidole vyake vilifika kwenye viazi viwili, bila kuving'oa. Kimoja cheusi, kimenywea. Kingine cheupe, kigumu.

"Ile ya mwaka kesho iko muzima," akasema, akafukia. "Lakini shemeji hataangalia mu udongo. Yeye anataka ua."

Shemeji alifika, mtu mnene mwenye kucheka, jembe begani.

"Haya, shemeji. Maua iko wapi?"

"Moja iko mu kitabu ya huyu muntu."

Akalitazama, akanitazama na mimi. "Kikanda ya mu kitabu. Tutaitwanga na nini, na biki yake ya kuandikia?"

Kisha akaacha kucheka. Alisema ua la daftarini linaweza kutoka popote, na bua lisilo na kichwa ni jani tu. Mama alishika ncha ya kitambaa chake.

Nilisoma nilichokuwa nimeandika. Nikamwomba shemeji tutafute jirani wale wale wa ua, kichuguu, nyasi na mla mbu, mahali pengine kabla hajaamua. Akapandisha mabega, akafuata. Tulipanda na kijito watu watatu, ukungu ukipasuka mbele yetu. Penye nyasi nyeupe bila kichuguu hapakuwa na kitu. Penye kichuguu pakavu, hakuna. Kwenye kona ya juu mama alinizuia kwa mkono kifuani.

"Usikanyage."

Maua yalikuwa yamesimama pale, mengine yamefunguka, mengine bado yamefumba, yakitikisika bila upepo.

Shemeji alichuchumaa. Aliliweka jembe chini, nyuma yake, kama mtu anayeficha kitu. "Ni yenyewe," akasema. Na baadaye: "Basi, tufunge tena. Lakini wachimbaji bakisikia? Nani atachunga?"

"Huyu," mama akasema. "Anapenda kuruka fundo. Sasa achunge fundo."

"Mupaka lini, mama?" nikauliza.

"Mupaka mbegu ibebwe na upepo."

"Anajua kupika?" shemeji akauliza.

"Atajua."

Nyumba ya mama ilikuwa juu tu ya bonde. Alitoa gunia la karanga kwenye chumba cha pembeni, akafagia, akanitandikia mkeka. Dirishani nilisikia kijito. Nilitundika mfuko wangu kwenye msumari, ndipo nikakumbuka.

"Mama, shangazi yangu wa Kamina anawasalimia."

Akasimama na ufagio mkononi. "Anatujua?"

"Hapana."

Akaegemeza ufagio ukutani.

"Ukimuona, umuambie tumepokea."